Nyaturu Kwenye Reli ya Hornby

Huku Kigamboni hatuna reli. Tuna pantoni, tuna daraja tangu 2016, tuna bodaboda za kumwaga, lakini ukitaka kusikia treni lazima uvuke maji. Sikuwahi kuliwaza jambo hilo mpaka baba alipohamia kwangu mwaka 2023. Asubuhi ya pili alikaa barazani na chai yake, akanyamaza kitambo, kisha akauliza:

"Mama, hapa watu wanajuaje saa?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Na swali lile halikuwa utani. Baba amefanya kazi ya reli zaidi ya miaka thelathini. Alianza kama fayamani enzi za reli ya Afrika Mashariki, 1977 Jumuiya ikavunjika akajikuta mtu wa TRC, na alistaafu akiwa dereva wa dizeli. Sisi tumekulia Tabora kwenye nyumba za reli. Kwetu honi ndiyo ilikuwa saa ya ukutani.

Alihamia kwangu kwa sababu ya macho. Presha ya macho. Daktari alituambia bila kuzunguka: kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kidogo. Baba alikuwa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kufanya kazi na saa ya mwisho ya kupeleka habari. Hii ilikuwa saa ya mwisho ambayo hakuna mhariri wa kuniongezea muda. Nikajiuliza: kabla ya giza, mzee huyu angependa kuona nini?

Ndivyo nilivyoingia kwenye ulimwengu wa treni za mfano.

Kama hujawahi kufika huko, nikupe picha. Wapo watu wazima, wenye kazi na familia, waliojaza vyumba vizima reli ndogo, stesheni ndogo na abiria wa plastiki wasiofika kokote. Na kila mmoja ana kampuni yake, kama sisi na Simba na Yanga. Kuna Märklin ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanzishwa 1859. Kuna Lionel ya Marekani. Kuna Kato ya Japani. Kuna Hornby ya Uingereza, iliyobeba jina la Frank Hornby, mtu wa Liverpool aliyeanza kuuza treni zake 1920. Kwao swali la "wewe ni wa kampuni gani?" linaulizwa kama sisi tunavyoulizana kabila: kwa tabasamu, lakini jibu lina uzito.

Basi kila jioni nikawa namsomea baba maelezo kutoka kwenye simu, na yeye anatoa hukumu.

Märklin aliikataa haraka. Katikati ya reli zao kuna vinundu vidogo vya chuma vya kupitisha umeme, kwa hiyo injini yao inachota umeme katikati na kuurudisha kwenye reli za pembeni. Nikamweleza kwamba una faida: unaweza kuipindua reli ikajirudia yenyewe bila kuleta shoti. Akasikiliza, akasema, "Reli ni mbili. Hiyo ya tatu inasubiri nini?" Lionel ilitushinda kwa ukubwa, kwa bei, na kwa umeme wa Kimarekani ambao ungehitaji kifaa cha kuupunguza.

Kato niliipenda mimi. Kazi yao ni safi mno. Reli zao zimeungwa na kitako cha plastiki, unaweza kuzipanga juu ya busati na zikatulia, tena ni za madini yasiyoshika kutu upesi. Ukikaa karibu na bahari unajua maana yake. Hapa kwangu hata bawaba za mlango zinalia kila mwaka. Lakini treni za Kato zinazojulikana zaidi ni zile za reli ya milimita 9. Nikamwekea baba kiberiti mkononi, nikamwambia behewa lake ni jembamba kuliko hiki. Akakigeuzageuza, akakiweka mezani.

"Hii nitaiona lini?"

Hatukuiongelea tena Kato.

Hornby ilibaki, na mwanzoni ilibaki kwa sababu ya aibu kidogo: plagi. Transfoma yake inaingia moja kwa moja kwenye soketi yetu ya matundu matatu, kwa vile Mwingereza alipoondoka alituachia soketi. Mwanangu wa miaka saba, ambaye ni wajina wa babu yake, alikuwa anataka mchongoko wa SGR. Na kwa kweli alikuwa na hoja. Treni zilikuwa zimeanza kwenda Dodoma katikati ya 2024 na mtaa mzima ulikuwa unaongelea hizo. Tulimpandisha baba. Tulipopita Pugu akauliza kama tumesimama. Nikamwambia tunakimbia. Akasema, "Haigongi." Reli za SGR zimechomelewa zikawa kipande kirefu, hakuna ule mlio wa kwenye maungio. Alisafiri mpaka Dodoma ameegemeza kichwa kwenye kioo, anatafuta sauti ambayo haikuwepo.

Kikwazo kikubwa hakikuwa kampuni. Kikwazo ni kwamba kila orodha niliyofungua ilikuwa imejaa injini za watu wengine: za Scotland, za Bavaria, za Hokkaido. Mjerumani anaponunua Märklin ananunua treni iliyompeleka babu yake kazini. Mimi nilitafuta ya babu wa mwanangu wiki kwa wiki, sikuiona dukani.

Na nilijua hasa ninachokitafuta. Mwaka 2019 nilitumwa Nairobi kwa kazi, nikaiba saa mbili kwenda kwenye jumba la makumbusho ya reli karibu na stesheni ya zamani. Pale uwanjani kuna Garratt mbili kubwa za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili ni ya Tanzania. Nilikuwa najipigia picha pale nilipogeuka nikakuta injini nyingine, namba 3020, ina kibao cha jina: Nyaturu.

Sisi ni Wanyaturu wa Singida. Sikujua kama tuna injini.

Nilimtumia baba picha. Yeye alikuwa anaijua. Wakati ule injini za madaraja ya 29, 30 na 31 ziliitwa kwa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, na yeye aliiona Nyaturu mara mbili Tabora akiwa kijana. Alichukua simu ya jirani yenye kioo kikubwa, akaipanua picha kwa vidole mpaka kibao kikajaa kioo chote. Macho yalikuwa bado mazima.

Kwa hiyo swali la kampuni likageuka. Sikuwa natafuta tena nani anatengeneza injini nzuri kuliko wote. Nilikuwa natafuta nani ana injini inayokubali kuvuliwa nguo na kuvishwa za kwetu. Hapo ndipo Hornby ilipokuwa kipenzi changu, na sababu yake ni ya hesabu.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa HO, yaani 1 kwa 87. Chukua reli ya milimita 1,435, igawe kwa 87, unapata milimita 16.5. Safi kabisa; hata SGR yetu ingekaa humo. Lakini injini za Uingereza zilikuwa na miili midogo kuliko za bara la Ulaya, na mota za umeme za zamani hazikutosha kuingia ndani ya bodi zao zikipunguzwa kiasi hicho. Waingereza wakafanya ujanja. Waliiacha reli ileile ya milimita 16.5, wakakuza bodi mpaka 1 kwa 76. Kipimo hicho wanakiita OO, na mwaka 1938 treni za Hornby Dublo zilikiingiza kwenye nyumba nyingi. Ukipiga hesabu, reli ilipaswa kuwa karibu milimita 19. Mpaka leo injini za Hornby zinatembea kwenye reli nyembamba kuliko saizi yake. Wenyewe wanajua, na wamezoea.

Niliposoma hayo saa tano usiku nilicheka peke yangu. Kumbe kampuni ya watu walionyooka hivyo imesimama juu ya uongo mdogo, uongo uliosemwa ili kitu kitembee. Nikachukua kalamu. Reli ya kati ya zamani, ile ya Tabora, ina upana wa mita moja. Milimita 1,000 gawa kwa 16.5: 60 na ushei. Maana yake ukijenga bodi ya 1 kwa 60 juu ya reli ya Hornby, umeipata reli ya baba, tena kihalali kuliko Hornby wenyewe. Na bodi ya 1 kwa 60 ni kubwa. Vidole vinaiona.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alikuwa anarudi likizo kutoka Leicester. Akaniletea kwenye sanduku, katikati ya nguo za watoto, duara la reli, transfoma na injini ndogo iliyotumika ya magurudumu sita. Hela yake ilikuwa kodi ya mwezi. Shangazi alipopata habari alipiga simu kuuliza kama ni kweli namnunulia mzee midoli badala ya dawa. Dawa zilikuwepo. Lakini sikumjibu vizuri, na mpaka leo tunasalimiana kwa kuviziana.

Bodi tuliijenga wenyewe, miezi mitatu. Boila ni kipande cha bomba la plastiki la maji. Kibanda cha dereva ni kopo la maziwa ya unga. Nyaturu halisi ni 2-8-4: magurudumu mawili mbele, manane ya kuvuta, manne nyuma. Yetu inavuta kwa sita ya Hornby, mengine ni visoda vya pambo. Mimi nilikuwa nakata kwa kufuata picha ya Nairobi. Baba alikuwa anapapasa, anakataa. "Fayamani atakaa wapi hapa? Huyu umemnyonga." Nikifungua kopo jingine. Kuna siku niliona ameacha kabisa kulielekeza jicho kwenye kazi. Anatazama ukutani, mikono ndiyo inaendelea.

Tulipofika kwenye jina tukagombana. Mimi kibao nilikuwa nimeshakiandaa. Baba akasema hapana.

"Sikuwahi kuipanda, mama. Nimefanya kazi kwenye injini za makabila ya watu. Hiyo niliipungia mkono tu."

Nikamwambia ndiyo maana tunaitengeneza. Akanyamaza, halafu akanisimulia kitu ambacho hakukisema siku ile ya picha. Kulikuwa na Garratt za daraja la 60, zenye majina ya magavana. Baada ya uhuru majina ya magavana yaling'olewa. Ya makabila yakabaki. "Siku ya kwanza kuiona ile Nyaturu nilifurahi sana. Ya pili nikajiuliza, nani alitutaka ruhusa? Walichukua jina letu wakalipa kazi ya kuvuta."

Sikuwa na jibu. Kibao kilikaa kabatini wiki mbili. Mwishowe aliyekiomba ni yeye. Akaniambia nimsaidie kukishika, akakibandika kwa gundi mwenyewe, upande mmoja tu. Upande wa pili uko wazi. Sijamuuliza kwa nini.

Jumapili ya kwanza ilizunguka nusu duara, umeme ukakatika. Uliporudi jioni, injini ikafika kwenye kona, ikainama na kuanguka. Watu wa Hornby wangetuambia sababu: bodi ndefu, magurudumu mafupi, kona ya milimita 438 kutoka katikati. Baba hakuona ilipoanguka. Alisikia.

"Nani kaingia kona na mwendo ule?"

Wajina wake akakiri. Wakarudia polepole, babu ameweka kidole juu ya taruma kusikilizia ikija.

 Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linatofautisha mchana na usiku. Ukiniuliza ninayoipenda kati ya kampuni zote nitakujibu Hornby bila kufikiri, ingawa najua Kato ni bora na Märklin ni ya kudumu. Nawapenda kwa reli yao isiyowaenea. Isingekuwa hiyo, nisingepata wazo la kuwapandishia Mnyaturu.

Mwanangu anaiendesha kila siku akitoka shule, duara kumi, saa kumi na moja na nusu. Juzi alikuwa na kazi ya nyumbani. Baba alikuwa barazani, ameshika kikombe kitupu. Treni ilipoanza kunguruma sebuleni aligeuza uso kidogo.

"Imechelewa," akasema. "Dakika nne."

Nikatazama simu. Zilikuwa tano.