Lamu: Keki na chokaa katika nyumba ya Bibi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa basi huondoka mapema, akapita Malindi, akavuka Mto Tana karibu na Garsen, akaingia Witu na hatimaye akafika Mokowe, mahali barabara inapokomea baharini. Kutoka hapo ni boti. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi au matope kutegemea majira, lakini siku hizi lami imefika. Ukisafiri mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, utaona kwamba nusu ya abiria ni watoto. Wanakwenda kwa bibi na babu zao. Na aghalabu miongoni mwao huwepo mama aliyepakata boksi la keki tangu Mombasa, akilikinga na jua, na joto la basi likimchezea sukari ya juu hadi maandishi yote yaungane.

Keki ya aina hiyo ilikuwa ikienda kwenye nyumba niliyoalikwa.

Mji wa Kale wa Lamu ulianza kulindwa kisheria mwaka 1986, na mwaka 2001 shirika la UNESCO likauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni huvutiwa na vichochoro, punda na milango ya nakshi, akapiga picha akenda zake. Mwenyeji naye ana hesabu nyingine kichwani. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa chokaa na kokoto na kupondwa hadi ishikane. Sakafu hiyo ni nzito ajabu. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Boriti zikioza, mzigo wote ule unabaki juu ya vichwa vya waliolala chini yake.

Mwenyeji wangu, bibi mwenye umri wa miaka sabini na ushei, aliirithi nyumba yake kutoka kwa babake. Unaingia kupitia daka lenye baraza pande mbili, unatokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi kwa mbingu, kisha misana miwili mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho kabisa chumba cha ndani chenye zidaka ukutani. Kila ukipiga hatua kuelekea ndani sakafu inainuka kidogo na mwanga unapungua. Zamani huko ndani ndiko wanawake walikojifungua na kukaa arobaini yao. Katika wajukuu 11 wa Bibi, wanne walizaliwa humo. Wengine ni wa hospitali za Mombasa na Nairobi.

Ada ya nyumba hii ni kwamba wajukuu wote, awe wa Januari au wa Novemba, hufanyiwa siku moja ya kuzaliwa, mwezi wa Agosti. Inasomwa dua, watoto wanapakuliwa mkate wa mayai na kaimati, kisha mmoja mmoja anaketishwa juu ya kiti cha enzi cha zamani kilichowekwa ndani, mbele ya zidaka, akiwa na koja la asumini shingoni. Hapo Bibi humsimulia habari ya siku aliyozaliwa: nani alikuwepo, mvua ilinyesha au la, babake alikuwa wapi, jina lilitoka kwa nani. Keki na mishumaa viliongezwa na wajukuu wa Nairobi. Jirani mmoja alinong'ona kwamba mambo ya bathdei si yetu. Bibi akamjibu kuwa mji unaofunga kazi kusherehekea Maulidi hauwezi kumkataza yeye kumwombea dua mtoto aliyetimiza mwaka. Keki, alisema, ni mkate tu.

Basi masika yaliyopita yalivuja. Mwezi wa Juni fundi mwashi alipanda juu, akagonga boriti za ndani kwa nyundo, na kila alipogonga ulitoka unga. Aliwaamuru watu wahame chumba kile siku hiyo hiyo. Alihesabu boriti 14 za kubadilishwa, na akataka kazi ianze mara moja ili dari ifungwe kabla ya mvua za vuli. Kwa maneno mengine, Agosti nyumba ingekuwa wazi, imejaa nguzo, mawe na vumbi.

Simu zilipigwa kutoka pande zote. Mwana wa Nairobi, ambaye ndiye mchangaji mkubwa, alitaka sherehe ifanyiwe hotelini mwaka huu, au iahirishwe mpaka nyumba iishe. Binti wa Mombasa naye alishauri saruji itumike ili kazi iende haraka. Hoja zote mbili zilikuwa na busara ya kawaida, na Bibi alizikataa zote mbili.

Kuhusu saruji, fundi alimuunga mkono. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na chumvi, na chokaa huuacha upumue. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na baada ya misimu michache lipu hiyo hupasuka na kuanguka vipande vipande. Nyumba za namna hiyo zipo, tembea tu mitaani utaziona. Isitoshe, kubadilisha jengo katika Mji wa Kale kunahitaji kibali cha wahifadhi. Na kuhusu haraka, fundi alisema chokaa iliyokaushwa upesi hufa, kwa hiyo upepo wa kusi wa Julai na Agosti, wenye ubaridi wake, ndio unaoifaa.

Kuhusu hoteli, Bibi alisema neno moja ambalo lilimaliza mjadala wa simu.

"Wakilala hoteli, nyumba hii wataijua lini? Siku ya kugawana?"

Msomaji asiyeijua Lamu huenda asione uzito wa swali hilo. Mzee akifariki, nyumba hugawanywa kwa mafungu ya mirathi. Warithi wakiwa wengi, na wengi wao wakiishi mbali, atatokea anayetaka fungu lake kwa fedha taslimu, na wenziwe hawana za kumlipa. Nyumba nyingi za mawe za Lamu na Shela zimenunuliwa na watu wa Ulaya kwa njia hiyo. Nyingine zimetengenezwa vizuri kuliko wenyewe tungeziweza, lakini mlango umefungwa miezi kumi ya mwaka. Bibi amezihesabu zile za mtaani kwake. Alinionyesha kwa kidole kutoka barazani, bila kusema kitu.

Ikakubaliwa kwamba nyumba igawanywe mara mbili. Nusu ya nyuma ni ya fundi, nusu ya mbele ni ya watoto, na mlango wa ndani uwekwe ubao wa kuuzuia. Boriti zililetwa kwa mashua na kubebwa mabegani. Kokoto na chokaa vilikuja kwa punda, kila mmoja na shogi lake. Jiko, ambalo kwa kawaida liko juu ya nyumba, lilihamishiwa kiwandani. Hilo halikumsumbua mtu, kwani mkate wa mayai hauhitaji oveni: sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na mtu asiyeondoa macho.

Amri moja haikuwa na mjadala. Shimo la kuzimulia chokaa lilichimbwa kiwanja cha nje, na mtoto kukaribia huko ni marufuku, maana chokaa mbichi ikitiwa maji huchemka, na ikiruka jichoni ni balaa. Wakubwa wao walipewa kazi ya kuokota kokoto na kuzijaza kwenye makarai. Kufikia siku ya tatu walikuwa wakitaja fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa mpangilio wa unene, kama waliozaliwa gatini.

Siku yenyewe haikwenda sawasawa. Mjukuu mdogo, aliyetimiza miaka mitano na ambaye kwa mara ya kwanza angekumbuka kiti, alikataa kuketi msanani. Alitaka ndani, walikoketi wenziwe. Bibi alimwendea fundi kumwomba dakika tano tu. Fundi alikataa. Sakafu mpya ilikuwa bado mbichi, imesimamishwa kwa nguzo, na kabla ya wiki kadhaa hakuna wa kupita chini yake, hata mwenye nyumba. Kijana yule ana umri wa mwana wa mwisho wa Bibi, lakini aliinama, akasema, "Niwie radhi, Bibi, hapana," na Bibi akanyamaza. Nilimheshimu fundi kuanzia hapo.

Mtoto alilia, akabembelezwa. Mwishowe kiti kilisogezwa hadi kwenye ubao, ili aketi akitazama zidaka kwa mbali kupitia nguzo. Alisimuliwa kuzaliwa kwake, Nairobi, wakati wa foleni ya magari, babake akishuka kukimbia kwa miguu. Alicheka kabla machozi hayajakauka. Keki ya Mombasa ilikatwa ikiwa na vumbi jeupe juu yake ambalo halikuwa sukari, na ikaliwa yote.

Bado msana wa juu na msana wa tini. Fedha za msana mmoja zimepatikana, za wa pili hazijachangwa. Asubuhi nilipokwenda kuaga, fundi alikuwa akimshawishi Bibi aanze msana wa kwanza Agosti ijayo, kwa sababu ya ule ubaridi wa kusi. Bibi akamwambia Septemba, watoto wakisharudi shule. Fundi akasema Septemba jua limeanza kuchoma. Bibi akamuuliza kama hajui kutandika magunia mabichi juu ya chokaa. Niliwaacha barazani wakivutana, chai ikipoa kati yao.