Maji ya Chai: kuchemsha peke yake hakutoshi

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishapita Usa River unafika Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru. Huku utakutana na watu wazima wenye meno ya kahawia. Si uchafu, ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia majini. Huwezi kuyaona wala kuyaonja.

Mzazi, kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki. Anayeumia zaidi ni mtoto wa chini ya miaka 8, maana meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Waulize mamlaka ya maji: bomba letu lina ngapi? Ikizidi, mtoto anywe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, kisha yakachemshwa.