Swali la Saba

Senge alinipigia saa tano usiku, kwao Minnesota bado ni mchana. "Wewe si ndiye mwandishi wa familia? Niandikie barua. Na uniandikie vizuri."

Yeye na mumewe wanataka kuasili mtoto kutoka Colombia. Aliulizia Kenya kwanza, lakini yeye sasa ni raia wa Marekani, na serikali yetu ilisimamisha wageni kuasili watoto wa hapa Novemba 2014, kwa hofu ya biashara ya watoto. Akageukia Colombia, ambako wengi wanaosubiri familia za nje si wachanga, ni watoto wakubwa. Alitaka wa miaka saba hivi. "Kama ulivyokuwa," aliniambia.

Lakini kabla ya mtoto kuna ukaguzi. Afisa wa ustawi wa jamii anakuja mpaka kwako. Anataka alama za vidole za kila mtu mzima anayeishi humo, karatasi za mshahara na madeni, ripoti ya daktari, masaa ya mafunzo ya malezi. Anawahoji pamoja, kisha mmoja mmoja: ulilelewaje, ulikuwa ukichapwa, mnagombania nini. Kwa Senge alikagua kengele ya moshi, akafungua hadi kabati la dawa.

Senge alichukia. "Nimelea watoto wa ndugu zangu bila karatasi hata moja. Leo msichana wa rika lako anafungua kabati langu, ati anataka kujua kama naweza kulea!"

Nilicheka naye. Kisha fomu yangu ikaingia kwa barua pepe, maswali kumi, majibu yaende moja kwa moja kwa afisa. Swali la saba: Umewahi kumwona mwombaji akimwadhibu mtoto? Alimwadhibu vipi?

Baba yangu alifariki 2006, nikiwa na miaka saba. Mama alikuwa ameondoka zamani. Baada ya mazishi wazee walikaa chini ya mwembe, wakaongea, na jioni nikaambiwa nitaenda Nairobi na Senge. Tulipanda basi Kakamega, nguo zangu zikiwa kwenye juala. Hakuna aliyeuliza kama Senge ana kitanda cha ziada. Hakuwa nacho. Ilikuwa chumba kimoja kwenye ploti Kawangware, na tulilala watatu, mimi, yeye na binamu yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda.

Na alinilea. Aliuza mitumba, akanilipia karo, akanifundisha kusoma kwa kutumia magazeti ya kufungia nyama. Hata nilipoacha chuo miaka mingi baadaye, ni yeye peke yake ambaye hakunitusi.

Pia, nikiwa na miaka kumi, nilipoteza mia tano za kodi. Alinichapa kwa waya ya pasi. Jirani alisikia, akaongeza sauti ya redio. Usiku huo Senge alinikanda mguu kwa maji ya chumvi, akilia kuniliko. Alama bado iko kwenye shavu la mguu.

Mimi huishi kwa kuandikia watu: matangazo ya sabuni, hotuba za harusi, barua za kuomba kazi. Barua hii ilinichukua siku tisa. Katika rasimu ya kwanza Senge alikuwa malaika. Ningeituma tu. Nani angejua? Na baada ya yote aliyonifanyia, mimi ni nani wa kumharibia?

Sikudhani angempiga huyo mtoto. Kilichonikwama ni swali lenyewe. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa chini akaamua kuuliza, kwa niaba ya mtoto ambaye hata hajamwona. Kwa niaba yangu hakuna aliyewahi kuuliza. Kila nilipojaribu kuliruka swali la saba, nilijiona mimi ndiye yule jirani, mkono kwenye redio.

Nikampigia. "Senge, wameuliza kuhusu kuchapa."

Alinyamaza. Nikadhani laini imekatika.

"Andika mwiko," alisema hatimaye. "Mwiko wanaweza kuelewa."

"Haikuwa mwiko, Senge."

Akakata simu.

Siku tatu, kimya. Hakufungua hata jumbe zangu. Siku ya nne niliamka nikakuta ameandika alfajiri: "Nilikuwa na miaka 24. Sikujua njia nyingine. Andika yote. Hata ile chumvi."

Mimi nina 26 sasa. Siwezi kuweka hata paka kwa hii keja yangu. Nilikaa na huo ujumbe kitandani mpaka chai ikapoa, kisha nikaandika: waya, redio, chumvi, magazeti ya nyama, yote.

Afisa alinipigia kwa video, tukaongea karibu saa nzima. Kisha akarudi kwa Senge mara mbili zaidi ya ilivyopangwa. Alimuuliza angefanya nini siku huyo mtoto akipoteza pesa. Senge aliniambia alichukua muda mrefu kujibu, na kwamba lile ndilo swali pekee katika mchakato mzima ambalo halikumuudhi. Aliweka saini kwamba hatampiga mtoto. Ripoti ikapita, na mguu wangu umo ndani yake. Sasa faili iko kwa watu wa uhamiaji, wanasubiri.

Juzi alinitumia picha ya chumba. Kitanda kimoja cha mbao, godoro bado liko kwenye nailoni. Akaniuliza anunue shuka za rangi gani.

Nikamwambia asinunue bado. Amsubiri mwenye kitanda afike, amuulize.