Malisho Mapya ya Port Victoria

Mgeni afikapo Port Victoria, katika nchi ya Bunyala, huyaona maji kila atazamapo: mbele yake ni Ziwa Victoria, na kando ni mto Nzoia na vinamasi vyake. Maji hayo ni neema, lakini mwaka 2020 yalifurika yakawaondoa watu wengi makwao.

Nilikaribishwa na mzee mmoja ambaye mwezi wa Machi alipanda nyasi za Rhodes katika shamba lake la mahindi, mahali palipoinuka. Sasa nyasi zilikuwa zimestawi, naye ameshika fedha za kununulia kondoo wachanga kumi. "Mwanangu," akaniuliza, "je, hawa watanilipia karo ya mjukuu wangu?"

Nilimjibu kwamba ameanza vizuri. Kiangazi kiingiapo, tangu Desemba hata Februari, nyasi za nchi kavu hunyauka, na ukingo wa kinamasi ndio ubakio kijani. Lakini huko ndiko wakaako konokono wanaoeneza minyoo ya ini. Kondoo hushiba mchana, kumbe amekula ugonjwa pamoja na majani. Malisho ya mlimani humwepusha na hatari hiyo. Tena, kwa kuwa hayajakanyagwa na kondoo, ni safi. Basi asiyachafue yeye mwenyewe kwa kondoo wa sokoni.

Ndugu msomaji, ununuapo, fungua kinywa cha kondoo: aliye chini ya mwaka mmoja bado ana meno ya utoto. Kisha funua kope: wekundu ni dalili njema, weupe ni dalili ya upungufu wa damu. Kondoo wekundu wa Kimasai hustahimili minyoo kuliko Dorper. Wageni watengwe kwanza, wapewe dawa kwa shauri la afisa wa mifugo, ndipo waingie malishoni. Kabla ya hapo, vuta nyasi kwa mkono: zikikatika, mizizi imeshika; ziking'oka, ngoja. Nao wale kwa muda mfupi, kisha wahamishwe, ili nyasi zitambae na kufunika ardhi.

Mzee akanyamaza, akazihesabu tena fedha zake. Siku ya soko alirudi na kondoo sita badala ya kumi. "Za wale wanne," akasema, "ni za dawa na uzio."