Goti la Kushoto

Wasemao kuwa michezo humpotezea msichana masomo, nadhani hawajacheza. Mimi nilicheza mpira wa magongo katika shule moja ya upili karibu na Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mchezo ulinipa sauti ya kuwaamuru wenzangu kutoka safu ya ulinzi. Ulinipa pia punguzo la karo. Bila hilo mama, muuza mahamri, asingaliweza kunisomesha.

Lakini punguzo lilidumu maadamu nilikuwa uwanjani. Goti lilipovimba, kidato cha tatu, nililifunga kwa kipande cha leso, nikacheza. Mwalimu wa michezo aliliona.

“Mwanangu, zimebaki mechi mbili tu,” akasema.

Tulishinda zote mbili. Nilishangilia kuliko wote, wala sikuigiza.

Mwaka 2019 wasichana wa Kenya wenye umri wa chini ya miaka 19 walikwenda Kanada kushindania ubingwa wa dunia wa lakrosi. Wenzangu chuoni walitazama bendera pichani. Mimi nilitazama magoti.

Mama hajui hadi leo. Huniuliza mbona napanda ngazi upandeupande, nami humjibu kuwa ni baridi.