Darubini ya Jicho Moja

Neno darubini lina asili ya Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni mwenye kuona. Kiswahili kililipokea bila kuuliza chombo hicho hutazamiwa kwa macho mangapi. Maduka ya London huuliza. Ipo darubini ya macho mawili, na ipo ile ya jicho moja, ambayo wengi huipenda kwa sababu hutoshea mfukoni. Kwa muuguzi mmoja mstaafu, mzaliwa wa Tanga, swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na maradhi. Presha ya macho ililizima jicho lake la kushoto. La kulia hutunzwa kwa matone, siku hadi siku.

Alitaka kuwatazama ndege wa Barnes, kusini-magharibi mwa London, ambako mabwawa manne yaliyojengwa enzi ya Victoria yaligeuzwa kuwa ardhi oevu na kufunguliwa kwa umma mwaka 2000. Mjukuu wake alimchagulia darubini ya 16×52. "Hii inavuta zaidi, Bibi," alisema. Lakini chombo kinachovuta mara 16 hukuza pia mtetemo wa mkono mara 16, na hufinya eneo linaloonekana, hata ndege arukaye akapotea kabla hajapatikana.

Tarakimu ya pili, ambayo ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita, ndiyo iliyomshughulisha zaidi. Ukiigawanya kwa ile ya kwanza, unapata upana wa mwale wa nuru unaolifikia jicho. Ya 16×52 hutoa milimita 3.25, ya 10×25, nyepesi kuliko zote alizoonyeshwa, hutoa 2.5 tu, ya 8×42 hutoa 5.25. Kwa miaka mingi wodini alikuwa amemulika mboni za wagonjwa kwa kurunzi. Alijua kwamba mboni ya kijana gizani hufikia kama milimita 7, na ya mzee huwa ndogo zaidi. Kwa matembezi ya jioni, basi, 5.25 ingemtosha. Alihakikisha pia kwamba angeweza kutazama bila kuvua miwani na bila kupoteza kingo za picha. Uzito aliukubali.

Binti yake hakuukubali ubadhirifu, kama alivyouita: fedha zote hizo kwa jicho ambalo hakuna ajuaye litadumu hadi lini? Alimtuliza mama yake kwa methali: heri kufa macho kuliko kufa moyo. "Kweli, mwanangu," mama alijibu, "lakini hili langu bado halijafa."

Waliomvutia zaidi walikuwa mbayuwayu, ambao mwishoni mwa kiangazi hujikusanya kabla ya safari ya kusini. Alipenda kuwaita watu wa kwao. Kumbukumbu za kisayansi haziungi mkono udugu huo moja kwa moja. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire mnamo Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mnamo Desemba 1912, na hadi leo wengi wa mbayuwayu wa Uingereza hukaa huko msimu wa baridi, si katika pwani ya Tanga. Mwenye kupenda huita chongo kengeza. Naye, mwenye chongo, aliijua methali hiyo vizuri kuliko wengi. Alipoelezwa habari za Natal alicheka, kisha akasema kwamba jirani wa mbali naye ni jirani.

Darubini haimrudishii kilichopotea. Wenye macho mawili hukadiria kina cha mambo ya karibu kwa kulinganisha picha mbili. Yeye hukisia kwa vivuli na mwendo, kama afanyavyo anapomimina chai. Lakini kwa ndege aliye mbali juu ya matete, tofauti hiyo hupungua sana. Huko mbali, yeye na majirani zake wa bendi ya watazama ndege huona karibu sawa, nao humpisha mbele kwa sababu ya umri wake, si kwa sababu ya jicho.