Damu Isiyosemwa

Huku kwetu Butembo mtu akiona damu chooni hunyamaza. Mjomba wangu alimficha hata mkewe, akidhani ni bawasiri tu, mpaka tukamzika. Daktari Denis Burkitt, Mwairishi aliyekuwa mpasuaji Uganda toka 1946 hata 1966, hakuona haya: aliziuliza hospitali za misheni kwa barua, akapima hata choo cha wanakijiji. Akaona kansa ya utumbo mpana ni haba kwao walao maharagwe na mboga. Mwaka 1971 akayaandika hayo. Lakini uchache si kinga. Uvimbe uletao kansa hii huweza kukaa miaka kama 10 kabla ya kugeuka, nao ukionekana mapema hukatwa. Basi aliyefikia miaka 45, ajapokuwa mzima, na amwombe daktari kipimo cha damu isiyoonekana katika choo. Aionaye kwa macho asingoje hata Jumapili ipite.